Mvua ya Kwetu Juu ya Paa la Karavani

Jumatatu, 17 Februari

Mvua. Nilidhani nitaanza daftari hili kwa neno jingine, lakini ndilo lililopo.

Bi Mererid ameniita leo. Ndiye mwenye uwanja huu wa karavani, hizi nyumba za kuvutwa na gari, mama mjane wa kanisa, mpole, ila hapindiki. Akaniambia ile karavani kuukuu ya kijani, iliyo mwisho wa uwanja kando ya ukuta wa kondoo, inaondoka. Inavuja. Haina taa. Wageni wa msimu wanaanza kuingia Jumamosi ya wiki ijayo, sikukuu ya mtakatifu wao Dewi, na hataki waione. Ifor ameshaiomba. Anataka ekseli na magurudumu atengeneze tela la kubebea kondoo wake.

Nikasema naitaka mimi. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata.

Akaniuliza ya nini. Nikamwambia nataka kuivuta hadi kwetu Achill, ng'ambo ya bahari, Ayalandi, nikaiegeshe palipokuwa na nyumba ya mama. Paa la nyumba ile lilianguka zamani. Zimebaki kuta na magugu. Nimetoka kwetu sijaanza kunyoa ndevu, na tangu hapo nalala kwenye vibanda vya vibarua, leo mji huu, kesho mji ule, nikiezeka nyumba za watu. Sijawahi kulala chini ya paa ambalo ni langu. Hata la bati.

Bi Mererid akanikatia mkate wa zabibu. Kisha akasema, "Kijana wangu," ingawa mvi zangu zinashinda zake, "Ijumaa jioni, ya kuamkia sikukuu, nitatandika gazeti sakafuni mle. Jumamosi asubuhi nikilikuta kavu na taa inawaka, ivute uende nayo hata Roma. Nikilikuta limelowa, ni ya Ifor."

Haki kabisa. Tukapeana mikono.

Ifor alikuwa mlangoni anasikiliza. Ifor ndiye fundi wa uwanja: mapaa, mabomba, sola, na maneno. Akasema gundi ya paa haishiki penye maji. Inataka bati kavu, na siku mbili kavu za kukauka. Siku mbili kavu mfululizo, mwezi wa pili, upande huu wa Wales! Akasema mara ya mwisho alimsikia babu yake akizisimulia, na babu mwenyewe alikuwa muongo. Akacheka. Nikacheka naye, huku moyoni namkunjia ngumi.

Jumanne, 18 Februari

Mvua. Lakini nina akili.

Kama paa haliwezi kungoja jua, basi paa lisiijue mvua. Nimesimamisha nguzo nne, nikatandaza turubai juu ya karavani nzima. Hema juu ya nyumba. Chini yake nikawasha hita ya gesi ili bati likauke. Likaanza kukauka kweli. Nikalala kifudifudi juu ya paa nikisugua maungio, nikiimba. Joto, harufu ya gesi, mvua ikipiga turubai. Nikakumbuka zizi la mjomba tulipokuwa tukijificha mvua na ndama, wote tunatoa mvuke.

Ifor akapita na mbwa wake. Akaangalia juu, akaniambia turubai halina mteremko, limeanza kufanya tumbo. Nikamwambia ashughulike na tumbo lake.

Tumbo la turubai lilijifungua saa ya chai. Maji yote yakaniangukia mgongoni, yakanisukuma hadi kwenye kidirisha cha paa nilichokuwa nimekiacha wazi, yakaingia ndani kabla yangu. Godoro limelowa. Hita imezimika. Nguzo moja imeuangukia ukuta wa kondoo.

Ifor alirudi kuangalia, akaenda zake. Mbwa ndiye aliyenitazama kwa huruma.

Jumatano, 19 Februari

Nimegundua siri ya hali ya hewa. Inashangaza kwamba hakuna aliyeifikiria kabla yangu.

Mvua yote ya hapa inatoka magharibi. Magharibi ni kwetu. Mvua inayonilowesha mchana huku imemlowesha dada yangu Sabina asubuhi kule. Kwa hiyo sihitaji redio wala maneno ya Ifor. Nahitaji simu.

Nikampigia Sabina akiwa anakamua. Nikamuuliza kukoje huko. Akajibu, "Siku njema, kaka, kumshukuru Mungu."

Nikaruka na kikwangulio. Nikabandua gundi yote ya zamani kwenye maungio, kutoka mbele hadi nyuma, ili adhuhuri nipake mpya juu ya bati safi na kavu. Kazi nzuri. Bati liling'aa kama kikombe cha altare.

Adhuhuri ikaja mvua ambayo sikuwahi kuiona.

Nikampigia Sabina tena, napayuka kama mwendawazimu. Akashangaa. Akasema ndiyo, ilinyesha, lakini kuku hawakupeperushwa. Akauliza nilitaka aseme nini. Mama alitufundisha vipi?

Ni kweli. Mama alitufundisha kutosema vibaya juu ya hali ya hewa, kwa sababu inasikia. Paa likivuja mahali sita, mtu akipita njiani na kumsalimu, mama alikuwa akijibu siku njema, kumshukuru Mungu. Nililelewa katika jibu hilo. Nimelitoa mwenyewe maisha yangu yote. Na leo nimepanga kazi juu yake.

Sasa karavani haina hata gundi mbovu iliyokuwa nayo. Nimepanga chini ya matundu sufuria, ndoo, bakuli la kunyolea na kopo la rangi. Nikakaa kuyasikiliza. Kila chombo na sauti yake. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Beseni kubwa lilikuwa la baba, linanguruma. Kikombe cha enameli kilikuwa cha Sabina. Mama alikuwa akizunguka anavimwaga na kuvirudisha, na sisi tuliokuwa kitandani tulijua ametoa kipi kwa kusikia kilichonyamaza.

Nilikaa mpaka chai ikapoa. Sijafanya kazi nyingine yoyote leo.

Ijumaa, 21 Februari

Habari ya taa.

Paneli ya sola ninayo. Niliitoa kwenye mashua iliyovunjwa bandarini, na mwenyewe aliniruhusu. Betri pia ninayo. Kinachokosekana ni jua. Nimeiegemeza paneli ukutani tangu juzi, na kipimo cha betri kimelala usingizi wa pono. Wingu la hapa ni kama blanketi la jeshi.

Nikawaza. Sola inataka mwanga. Je, imeandikwa popote kwamba mwanga lazima utoke mbinguni?

Kwenye karakana ya Ifor kuna taa kubwa ya kazi, ile ya miguu mitatu. Nikaichukua alipokwenda kununua chakula cha kondoo. Nikavuta waya kupitia dirishani, nikaisimamisha mbele ya paneli, nikaiwasha. Kipimo kikanyanyua kichwa! Nikakaa hapo kama mtu aliyewasha jua lake mwenyewe. Nikamwonea huruma Ifor na elimu yake.

Akarudi mapema. Akafuata waya kutoka kwenye soketi yake hadi kwenye taa, kutoka kwenye taa hadi kwenye paneli, kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri.

"Manus," akasema, "umeme unao kwenye soketi. Unautoa kwenye soketi, unautia kwenye taa, taa inaumwaga hewani, paneli inaokota tone, ndipo unaipa betri?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini usiipe betri moja kwa moja kutoka kwenye soketi?"

Nikasema kwamba huo utakuwa udanganyifu.

Akacheka hadi akakaa kwenye gunia la chakula. Kisha akaniletea chaja yake, akaichomeka mwenyewe. Akasema betri ikijaa leo itawasha taa ndogo hadi wiki ijayo bila jua lolote, na wingu jembamba litaongezea kidogo. Halafu akapangusa macho na kusema kwamba ekseli bado anaitaka.

Simwelewi mtu huyu. Adui asiyekuwa na adabu ya uadui.

Jumapili, 23 Februari

Jua!

Nimetoka nje, ukuta wa kondoo unatoa mvuke. Paa ni kavu. Hakuna wingu hadi Ayalandi. Na ni Jumapili.

Kwa Bi Mererid Jumapili hakuna nyundo, hakuna ngazi, hata nguo haianikwi kambani. Kanisani kwao huimba hadi madirisha yanatetemeka, na ukitazama unadhani watu wote wanakaguana kucha kama zina rangi ya kazi. Mwaka jana alimfukuza kibarua aliyefyeka nyasi siku hiyo.

Nikawaza hivi. Nyundo hupiga kelele. Gundi haipigi kelele. Nikamwambia Bi Mererid nakwenda misa mjini. Nikavaa koti la baba, lile la sufu nzito alilokuwa akilivaa akiezeka, nikaenda hadi kwenye kona, nikarudi kwa nyuma ya ukuta nikitambaa.

Nilifanya kazi kama panya. Maungio yote nikayapaka gundi mpya, bati kavu kabisa, ikashika kama mapenzi ya kwanza. Paneli nikaibandika juu ya paa kwa gundi nzito ya kopo jeusi. Nyuma kukabaki ufa mmoja mkubwa, mrefu kama mkono wangu. Nikaumwagia gundi yote iliyobaki.

Hapo watu wakatoka kanisani. Mapema! Mchungaji kumbe ana mafua.

Njia yao inapita ukutani pale pale. Nikalala chali juu ya paa, sipumui. Wakasimama kusifu hali ya hewa. Wakaisifu, wakaisifu tena. Bi Mererid akasema ni siku ya kumshukuru Mungu. Ifor, aliyevaa suti, akasema ndiyo, na ni vizuri kwamba Manus amekwenda misa, maana leo angeshawishika. Nina hakika aliniona. Sauti yake ilikuwa inatabasamu.

Walipoondoka nikajaribu kuinuka. Sikuinuka. Nilikuwa nimelalia ule ufa.

Nilivuta. Koti halikuvutika. Mwishowe nikatoka ndani yake kama ndizi inavyotoka kwenye ganda, nikaliacha limebanduka mikono tu. Mgongo wote umeshikamana na bati.

Koti la baba. Alinivisha bandarini siku ninaondoka, kwa sababu langu lilikuwa jembamba. Yeye akarudi nyumbani na shati. Hakuna picha yake hata moja, alikuwa hataki kupigwa. Nilikuwa na koti.

Nimekata mikono kwa kisu. Sehemu iliyobaki nimeipaka gundi ya mwisho juu yake na kuilainisha kwa kiganja. Sina la kuandika zaidi leo.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Nimeingia na sufuria zangu, nikazipanga, nikangoja.

Kimya.

Hakuna tone. Si mbele, si katikati, si chini ya koti. Chini ya koti ndiko kukavu kuliko kote. Nimeweka kiganja darini pale na kukaa hivyo.

Ifor akaja kuona. Akagonga, akanusa, akapitisha kidole. Akasema koti ni kazi ya ovyo na kwamba halitavuja. Lakini paneli haimridhishi. Gundi ilipata siku moja kavu, haikupata mbili. Ijumaa kuna dhoruba kubwa inakuja. Akasema nikubali tuitoboe na kuitia skrubu ndefu, yeye mwenyewe atanisaidia na kuziziba.

Nitoboe paa ambalo nimeliziba kwa koti la baba! Ni ujanja gani huo? Nikamjua sasa. Nikamkatalia kwa heshima. Nikamwambia kwetu tunajua dhoruba kabla watu wa hapa hawajajua mwavuli.

Akasema sawa, ndugu yangu. Akaondoka na mbwa.

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimefanya kazi ya baba.

Nyumba za kwetu ziliezekwa kwa nyasi, na upepo wa bahari kuu ungezinyofoa kama manyoya ya kuku. Kwa hiyo baba alipitisha kamba juu ya paa, moja baada ya nyingine, kutoka upenu hadi upenu, na kila ncha akaifunga jiwe zito linaloning'inia. Upepo ukiinua, jiwe linashusha. Alinifundisha fundo lake nikiwa nimekaa begani kwake. Akasema kamba isikazwe sana. Nyumba inataka kupumua.

Nimepitisha kamba juu ya karavani nzima, juu ya paneli, juu ya koti. Mawe nimeyatoa kwenye ukuta wa kondoo, palipoangukiwa na nguzo. Fundo vidole vililikumbuka vyenyewe, mimi nilikuwa naangalia tu. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua chache, na kwa kweli ilikuwa nyumba ya kwetu, ila ya kijani na ina magurudumu.

Ifor akaizunguka. Mara hii hakucheka. Akasema ni kazi nzuri, hajawahi kuiona. Kisha akasema, "Lakini kwenu madirisha yalikuwa madogo, mzee. Hili jiwe linaning'inia mbele ya kioo. Ufupishe kamba, au upigilie ubao dirishani."

Nikamjibu kwamba baba yangu hakufupisha kamba hata siku moja.

Nikampigia Sabina kuuliza dhoruba. Akasema kuna kaupepo.

Ijumaa, 28 Februari

Kaupepo. Sabina amepoteza banda la kuku na geti. Kumshukuru Mungu, anasema, geti lilikuwa bovu.

Bi Mererid amekuja jioni na gazeti lake. Amelitandika sakafuni, kurasa nzima nzima, kwa uangalifu kama mtu anayetandika kitambaa cha meza kwa mgeni. Taa inawaka. Dari ni kavu. Nje ilikuwa kama dunia inahamishwa, na paneli haikutikisika, kamba zimeishika kama mkono wa mzazi. Akaniambia pengine nianze kufunga mizigo. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Nimerudi kibandani. Nasikia mawe yanagonga ubavu wa karavani, ngo, ngo. Usingizi wangu wote wa utotoni ulikuwa na sauti hiyo.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika kwa ufupi.

Bi Mererid alikuja asubuhi na ua la njano kifuani kwa ajili ya mtakatifu wao. Ifor alikuja pia. Hakuwa na bisbisi, nitamshukuru kwa hilo. Mlango ukafunguliwa.

Taa ilikuwa inawaka. Gazeti lilikuwa limeelea hadi chini ya kitanda. Katikati ya sakafu, juu ya habari za michezo, lilikaa jiwe. Dirisha halikuwepo.

Ifor akavua kofia, akapanda kwenye kochi lililolowa, akapitisha kiganja dari yote, kona hadi kona. Akashuka.

"Paa halikuvuja, Bi Mererid," akasema. "Hata tone. Nasema haki."

Bi Mererid akasema yeye hakuzungumzia paa. Alizungumzia gazeti. Na neno lake ni neno lake, akilivunja kwa Manus atalivunja kwa kila mtu. Nikasema ni kweli. Tulipeana mikono.

Nikaenda kusimama ukutani na kondoo. Nilifikiria zile kuta nne na magugu. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa kwetu. Sabina alikuwa ameshayafyeka magugu.

Alikuja Ifor. Akasema alichoomba yeye ni ekseli na magurudumu, kuta zangu hana haja nazo, wala paa lenye koti. Nyuma yake akaja Bi Mererid, akasema hajui sanduku lisilo na magurudumu linaitwaje, ila si karavani, na kwa hiyo si lile tulilopatania. Likae juu ya matofali nyuma ya ukuta, wageni hawataliona. Manus akae ndani yake mradi atengeneze dirisha. Na ule ukuta wa kondoo aurudishie mawe yake.

Mchana Ifor aliinua kwa jeki, akatoa magurudumu, nikamshikia taa.

Jumapili, 2 Machi

Mvua. Wote wako kanisani. Nimekaa kwenye kochi langu, chini ya paa langu. Dirisha nimelipigilia ubao. Mawe ya ukuta nimeyarudisha, isipokuwa yale ya kamba, kondoo hawatayakosa. Wanaimba kule bondeni, na hapa hakuna tone, hakuna sufuria. Nimeiweka moja sakafuni kwa mazoea tu.

Nimempigia Sabina nimweleze yote. Nilipokuwa nasimulia upepo ukavuma kidogo, mawe yakagonga ubavuni. Akanikatiza.

"Kaka," akasema, "hayo si mawe ya baba?"

Nikasogeza simu dirishani. Yeye kule na mimi huku, tukayasikiliza. Nikamsikia anapenga kamasi. Akasema njoo nyumbani bwana, nimeshafyeka.

Basi nimewaza.

Ifor amemaliza tela lake jana hiyohiyo, linakauka rangi karakanani. Nimelipima kwa macho. Limejengwa juu ya ekseli ya karavani hii hii, kwa hiyo sanduku langu litalikalia kama yai kwenye kikombe chake. Trekta la Bi Mererid linawaka bila ufunguo, na bandari ya feri si mbali. Nitaliazima tu na kulirudisha. Jumapili ijayo, wakiwa wanaimba, hakuna atakayesikia injini.

Kitu kimoja tu kinahitajika, siku kavu. Nimemuuliza Sabina Jumapili ijayo kutakuwaje. Amesema itakuwa siku njema, kumshukuru Mungu.

Gundi ninayo. Kamba ninazo. Za mawe naziacha ndefu kama zilivyo.